Nota ya Tatu Iliyoachiwa Mashine

Gitaa la hevi metali likishapitishwa kwenye distosheni, haliwezi tena kupiga kila kodi, yaani nota kadhaa kwa mpigo mmoja. Wapigaji wanalijua hilo kwa vidole, hata kama hawajawahi kuulizwa sababu. Nami naona sababu hiyo ndiyo inayoeleza mambo mawili yanayoonekana hayana uhusiano: jinsi Machinae Supremacy, bendi ya Luleå kaskazini mwa Uswidi, ilivyooanisha magitaa mazito na milio ya gemu za zamani, na kwa nini vijana wawili wa Nairobi waliojiita Duma walipoingia studio jijini Kampala walishika njia nyingine kabisa.

Tuanze na hesabu. Distosheni hukata vilele vya wimbi la sauti, na wimbi lililokuwa na mabega ya mviringo likawa karibu mraba. Nota mbili zikipita pamoja humo hazitoki mbili. Zinazaa nyingine, ambazo ni jumla na tofauti ya mitetemo yao. Waya mnene wa gitaa, yaani E, hutetema mara 82.4 kwa sekunde. B iliyo juu yake hutetema mara 123.5. Tofauti ni 41, na 41 ni E ileile, oktava moja chini. Hapo distosheni imekufanyia kazi ya bure, kwa kuwa mpigaji amegusa nota mbili na besi imejiongeza yenyewe. Sasa ongeza G katikati, mitetemo 98. Tofauti mpya ni 15.6 na 25.5. Ya kwanza iko chini ya uwezo wa sikio, unaoishia kwenye 20 hivi, na ya pili inaunguruma ovyo. Sauti imekuwa matope.

Ndiyo maana wapiga metali huiacha nota ya tatu ya skeli, hapa ile G, na kubaki na ya kwanza na ya tano, yaani E na B. Hasara yake si ndogo, kwani nota ya tatu ndiyo inayoamua kama kodi inacheka au inalia. Gitaa zito lina nguvu zote, ila halisemi lina hisia gani.

Sasa njoo kwenye kompyuta ya Commodore 64, iliyotoka 1982. Ndani yake mlikuwa na chipu ya sauti iitwayo SID, kazi ya mhandisi Bob Yannes. Ilikuwa na sauti tatu tu, kila moja ikiweza kuchagua kati ya maumbo manne ya wimbi, na filta moja ya kugawana. Mtunzi wa muziki wa gemu alitakiwa kupata besi, ngoma na kiitikio humo humo, na mara nyingi milipuko ya risasi ilimnyang'anya sauti moja mchezo ukiendelea. Kodi ya nota tatu angeipigia wapi? Akaitoa kwenye sauti moja kwa kurukaruka, yaani arpejio: E, G, B, E, G, B, haraka mno. Kwenye mashine za Ulaya programu ya muziki iliitwa mara 50 kwa sekunde, hivyo kila nota iliishi milisekunde 20 na mzunguko mzima ukaisha ndani ya 60. Sikio haliwezi kuhesabu kwa kasi hiyo, kwa hiyo linaziunganisha. Ule mlio wa kububujika ambao kila aliyewahi kukaa mbele ya gemu za kaseti anaukumbuka ulitokana na umaskini wa chipu, wala haukuwa pambo.

Na hapa ndipo Machinae Supremacy, iliyoanza mwaka 2000, ilipopata bahati yake. Bendi hiyo ilitumia SidStation, sinthesaiza ya kampuni ya Elektron, pia ya Uswidi, yenye chipu halisi ya SID ndani yake. Sikiliza Deus Ex Machinae ya 2004 au Redeemer ya 2006 ukiwa na hesabu yetu kichwani. Gitaa likishika nota ya kwanza na ya tano huku chini, chipu inakimbia huko juu na ile ya tatu. Kwa kuwa chipu inapiga nota moja moja, E na G hazikutani kamwe ndani ya mashine, na kwa kuwa haipiti kwenye amplifaya ya gitaa, hakuna kinachozaa matope. Nota iliyofukuzwa kwenye gitaa imerudi kwa mlango mwingine.

Wengi wanaojaribu kuiga mtindo huu hushindwa hapo hapo. Wanachukua mlio wa gemu wanaupachika juu ya gitaa linalopiga kiitikio kilekile, kwenye oktava ileile. Tatizo la pili linawameza. Wimbi la mraba lililo sawa pande zote mbili lina mitetemo ya namba witiri tu: ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya saba. Gitaa la distosheni nalo limejaa witiri hizo hizo. Viwili hivyo vikikaa pamoja, kimoja kinamfunika mwenzake, na kwa kawaida chipu ndiyo inayozama. Dawa ni kuukondesha mraba. Mashine ya Famicom ya Nintendo, ya 1983, iliruhusu upana wa aina nne tu: asilimia 12.5, 25, 50 na 75, na hiyo ya mwisho sikioni haitofautiani na 25. SID ilikuwa na hatua 4,096, kwa hiyo upana uliweza kutembea taratibu wakati nota inalia. Mraba mwembamba wa 12.5 una sauti ya puani, karibu kama zumari, na hupenya ukuta wa gitaa bila kuongezwa sauti.

Niliyasikiliza haya yote Mwese, nyanda za juu za Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, kwa spika ndogo inayochajiwa kwa sola, ambayo kwa kweli ndiyo hakimu wa muziki mwingi vijijini. Spika ya ukubwa wa ngumi haitoi kitu cha maana chini ya mitetemo 150 hivi. E ya gitaa, ile 82.4, haipo kabisa. Lakini distosheni imezalisha 165, 247 na 330, na ubongo ukizipata hizo unaijaza yenyewe ile ya chini iliyokosekana. Milio ya gemu ndiyo kabisa haipungui, kwa sababu tangu mwanzo ilitungwa kwa ajili ya spika za televisheni. Inayokufa ni ngoma kubwa ya mguu. Prodyuza mwerevu huiongezea juu mkwaruzo mfupi wa kelele, mlio ambao Famicom ilikuwa na chaneli nzima ya kuutoa, na mdundo ukasikika hata kwenye simu.

Duma ni habari nyingine. Martin Khanja, ajulikanaye kama Lord Spike Heart, na Sam Karugu walitoka kwenye bendi za metali za Nairobi. Albamu yao yenye jina la kundi waliirekodi Kampala kwenye studio za Nyege Nyege mwaka 2019, na lebo ya Nyege Nyege Tapes ikaitoa Agosti 2020. Humo usitafute mlio wa gemu. Hamna chipu, na hamna mpiga ngoma pia: midundo imepangwa kwenye kompyuta. Ila kanuni inayowabeba ni ileile ya arpejio, imegeuzwa tu.

Mdundo wa 300 kwa dakika ukiugawa mara nne, unapata pigo kila baada ya milisekunde 50, yaani mapigo 20 kwa sekunde. Hapo ndipo sikio linapoacha kusikia ngoma na kuanza kusikia mlio mmoja unaonguruma. Midundo ya Duma inapokazana, inauchokonoa mpaka huo. Chipu iliunganisha nota zikawa kodi, na Duma wanaunganisha mapigo yakawa karibu nota. Gitaa la Karugu, likishaona besi na mdundo vimechukuliwa na mashine, halina haja ya kodi wala nota ya tatu. Linakuwa ukungu wa kelele, na sauti ya Khanja inapiga mayowe ndani yake.

Si ajabu hilo lilitokea kwenye lebo ileile iliyotoa Sounds of Sisso mwaka 2017, mkusanyiko wa muziki wa singeli wa Dar es Salaam. Singeli inapita midundo 200 kwa dakika, na vipande vyake vya kinanda, vifupi, vyembamba, vilivyokazwa kasi, kwa sikio langu ni ndugu wa karibu wa milio ya gemu kuliko chochote kingine kinachotengenezwa Afrika Mashariki.

Nikilazimishwa kuchagua, nasema Duma ndio wenye ujasiri zaidi, na albamu yao inahitaji spika kubwa. Kwenye spika ndogo ukungu ule unageuka mchakacho mtupu na nusu ya kazi inapotea. Njia ya Waswidi haithubutu sana, lakini inafundishika, na vifaa vyake viko kwenye kompyuta yoyote yenye programu ya kutengenezea midundo.

Kwa hiyo prodyuza wa singeli ukimpata mpiga gitaa wa umeme, mwambie ashike nota ya kwanza na ya tano, basi. Ya tatu iachie mashine, oktava mbili juu, kwa mraba mwembamba, na usiipitishe kwenye amplifaya yake.