Neema, Imani na Ujira katika Biblia ya Kiswahili

Waalimu wafundishao wanafunzi wa ubatizo hulalamika mara nyingi ya kwamba somo la wokovu kwa neema ni gumu kuliko yote. Twadhani sehemu ya ugumu huo haimo katika mioyo ya wanafunzi, bali katika maneno tunayoyatumia, nayo yafaa kupimwa.

Neno neema asili yake ni Kiarabu, na katika vinywa vya watu wengi maana yake ya kwanza ni shibe na wingi: mwaka wa neema ni mwaka wa mvua njema na chakula tele. Basi mwanafunzi asikiapo kwamba ameokolewa kwa neema, huwaza kitu kilichotolewa, wala hauwazi moyo wa Mpaji. Karl Roehl, mmisionari Mjerumani, alijaribu njia nyingine. Katika Biblia yake iliyotoka mwaka 1937 alipunguza maneno ya Kiarabu, akaandika upole mahali pa neema, na kumtegemea mahali pa kumwamini. Hili la pili twalisifu sana. Mzee asiyejua kusoma ajua maana ya kuitegemea fimbo yake, na imani ya Ibrahimu, kama Paulo aielezavyo kwa Warumi, ilikuwa ya namna hiyo. Lakini upole hautoshi. Mtu aweza kuwa mpole asimpe mwenziwe kitu.

Wala kutegemea hakufai kila mahali. Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, asema kwamba mashetani nao huamini kuwa Mungu ni mmoja, na kutetemeka. Nani atathubutu kusema kwamba mashetani humtegemea Mungu? Kiyunani kina neno moja kwa Ibrahimu na kwa mashetani, na Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 imelifuata. Ndipo shindano la Paulo na Yakobo huonekana lilivyo: neno ni lile lile, mambo ni mawili. Martin Luther alipotoa Agano Jipya la Kijerumani mwaka 1522 aliongeza "peke yake" katika Warumi 3:28, maneno yasiyokuwamo katika Kiyunani. Na mahali pa pekee panapotaja imani peke yake, Yakobo 2:24, pataja ili kukana. Mwaka 1530 alijitetea kwamba ndivyo Kijerumani kisemavyo. Kwa upande wa lugha hoja yake ni nzuri, ila Yakobo aliongezewa mzigo.

Jambo zito zaidi, kwa maoni yetu, halisemwi sana. Neno moja la Kiyunani, misthos, limekuwa ujira katika Warumi 4:4 na katika mfano wa wakulima wa shamba la mizabibu, lakini katika Mathayo 6 limekuwa thawabu. Ujira hudaiwa. Thawabu, kwa masikio ya pwani, huwekwa akiba, tendo kwa tendo, hata siku ya hesabu. Msomaji asiyejua kwamba neno ni moja hujumlisha hivi: Mungu halipi ujira, bali hulipa thawabu. Hivyo daftari alilolifuta Paulo huandikwa upya. Tena hupotewa na ajabu ya ule mfano, ambamo aliyefanya kazi saa moja apewa sawa na aliyechomwa na jua kutwa, hata neno ujira lenyewe lapasuka.

Wanafunzi huja na methali ya mkono mtupu haulambwi, na kwa hiyo hudhani Mungu naye yu vivyo hivyo. Twapenda kuwakumbusha desturi nyingine. Jirani akituletea chakula, sahani yake hairudi tupu. Wala hakuna asemaye kwamba vitumbua vya leo vimeununua wali wa jana. Asiyerudisha kitu hashtakiwi deni. Husemwa tu kwamba hakutambua alichopewa. Hapo ndipo Yakobo aliposimama. Mfano huu wachechemea, maana jirani naye huona njaa kesho, lakini darasani wafaa kuliko fasili.

Kwa warekebishaji wajao twaomba neno moja katika Mathayo 6 na Warumi 4. Hata hapo, mwalimu na aandike aya hizo mbili ubaoni, bega kwa bega, akipigia mstari ujira na thawabu.