Anayejua Kuomba Msaada

Mafundi wa injini za boti wa Mwaloni, Kirumba, hufanya sehemu kubwa ya kazi yao wakiwa na simu sikioni. Anayepiga yuko kisiwani, Ukara au Kome, au kwenye kambi ya dagaa ambako mtandao hukamata juu ya jiwe moja tu. Injini imemgomea, vijana wamekaa, tajiri anauliza mbona giza linapita bure. Kati yake na fundi kuna ziwa, na fundi hawezi kugusa wala kunusa kitu. Alichonacho ni maneno ya mtu yule.

Nataka kumsifu mtu yule. Fundi tunamsifu siku zote, na anastahili. Lakini upo ufundi mwingine, wa anayeomba msaada, usio na karakana wala cheti, na ukikosekana fundi hodari hana pa kuanzia.

Simu nyingi ni hivi: "Shikamoo fundi. Mashine imekufa, tusaidie." Imekufaje? "Imekufa tu." Imeanza lini? "Leo." Inawaka? "Inawaka, ila imekufa." Salio linakatika kabla hawajafika hata kwenye plagi.

Sasa msikilize mwingine. Anaamkia, kisha anasema: ni Yamaha ya farasi 15, tunayo mwaka wa pili. Inawaka vizuri, na boti ikiwa imesimama inanguruma bila shida. Tukiondoka na mzigo, baada ya kama dakika kumi inapoteza nguvu. Tukiizima ikapumzika, inarudi, halafu inachoka tena. Plagi nimebadilisha, hali ni ileile. Maji ya kupozea, yale yanayoruka nyuma, leo yanadondoka tu. Na juzi tulipita katikati ya magugumaji.

Fundi hana haja ya kuuliza mengi. Injini inayochoka ikipata moto na kurudi ikipoa, tena maji yake hayaruki, inamwambia atazame njia ya maji. "Usiiwashe tena. Inua mguu wake, safisha vile vitundu vya kuvutia maji, halafu nipigie." Vikiwa safi na maji bado yanadondoka, hapo anashuku impela ya pampu. Kwenda Ukara ni meli hadi Nansio, gari hadi Bugolora, kisha kivuko hadi Bwisya. Anayefunga safari hiyo na kifaa kisichohitajika amepoteza siku, na wavuvi wamepoteza usiku mwingine.

Tazama alichofanya mpigaji. Hakusema ugonjwa, alisema dalili. Alizipanga kwa mfuatano wake. Alitaja alichokwisha kujaribu, ili fundi asimrudishe kwenye plagi. Na lile la magugumaji, ambalo yeye mwenyewe huenda aliona halihusu, hakulificha. Hilo ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu anayeomba msaada hajui ni kipi kati ya alivyoviona chenye jibu ndani yake. Angejua, asingepiga simu.

Ndiyo maana namwogopea zaidi anayepiga akiwa tayari na dawa. "Fundi, niletee kabureta." Kabureta ya nini? "Hii imekufa." Kumbe petroli ilinunuliwa kwenye dumu lililoingia maji, na kabureta mpya nayo itakunywa maji yaleyale. Ameomba alichokisia, akaacha kusema alichokiona. Fundi mwenye haraka atamuuzia. Fundi mwema atamrudisha nyuma: hebu niambie, ilianzaje?

Swali lililoulizwa vizuri kuliko yote ninayoyajua katika nchi hii halikutoka ziwani. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanga, alitia kwenye friza maziwa ya moto ya kutengenezea aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Miaka kadhaa baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, mwanafizikia Denis Osborne. Mpemba akasimama. Akasema: vyombo viwili vinavyofanana, maji ya ujazo sawa, kimoja kina nyuzi 35, kingine nyuzi 100, vyote vinaingia kwenye friji, kile cha 100 kinaganda kwanza. Kwa nini?

Wenzake walimlaumu. Osborne mwenyewe alikuwa na shaka, ila aliahidi kwamba litajaribiwa, na huko Dar es Salaam likajaribiwa. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala kwa pamoja, na hadi leo wanafizikia wanabishana juu ya jambo linalobeba jina la Mpemba. Angesema "mbona friji zinafanya maajabu," mgeni angetabasamu na kupanda gari lake. Lakini ndani ya swali lile mlikuwa na kila kitu cha kuliweka mezani kesho yake asubuhi: vyombo, ujazo, nyuzi, matokeo. Mtu mwenye shaka alipewa njia ya kujionea mwenyewe.

Na mvuvi wa Ukara anampa fundi wake njia hiyohiyo. Huku kwetu tunadhani heshima ya kuomba imo katika salamu ndefu na samahani nyingi. Salamu ni njema, zisiachwe. Ila ninavyoona mimi, heshima kubwa zaidi ni kuangalia injini kwa makini kabla hujampigia mtu simu, ili muda wake uende kwenye kufikiri. Nao wajuzi wana deni lao. Anayemcheka muulizaji leo anamfundisha kesho aseme nusu, na hakuna dalili inayofichwa haraka kama ile inayomwonesha mtu kuwa mzembe: oili iliyosahaulika, injini iliyodondoshwa majini.

Kuna jambo moja zaidi, na wengi hulisahau. Injini ikishapona, mpigaji bora hupiga tena: "Fundi, ilikuwa impela, meno mawili yamekatika." Simu ya nusu dakika. Wiki ijayo mtu wa Maisome akipiga kusema mashine yake inachoka njiani, fundi atamuuliza kwanza maji ya nyuma yanarukaje, na mfukoni ataanza kwa kutia impela.