Nani Asadikiwe? Mabishano ya Wasomaji Kuhusu Kusadikika

Kuna vitabu vinavyosomwa vikasahauliwa, na kuna vitabu vinavyosomwa vikagombewa. Kusadikika ya marehemu Shaaban Robert ni ya kundi la pili. Tangu ilipochapishwa mwaka 1951, riwaya hii fupi imeitwa fumbo la siasa, imeitwa kitabu cha mawaidha, imeitwa hekaya ya watoto, na wapo walioiona kuwa mwangwi tu wa hadithi za kigeni. Ajabu ni kwamba kila mmoja hutoa ushahidi wake katika kurasa zile zile. Makala hii haikusudii kuamua nani kashinda. Inakusudia kuonyesha kwamba ugomvi wenyewe umo ndani ya kitabu, na kwamba sisi wa chuoni tumekuwa tukiusikiliza upande mmoja tu.

Kwa waliokisoma kitambo, tukumbushane kidogo. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Waziri wake, Majivuno, anamshitaki kijana Karama mbele ya mfalme kwa kosa la kuanzisha elimu ya uanasheria. Karama hajitetei kwa kukana. Anajitetea kwa kusimulia. Anaieleza baraza habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande nne za dunia, na mbinguni, na ardhini, ili walete mambo ya kuifaa nchi yao. Walisafiri kwa taabu, wakaona ya kuona, wakarudi na mapendekezo. Malipo yao yakawa kifungo. Mwishoni Karama anashinda kesi na wafungwa wanafunguliwa.

Sasa tuwasikilize wasomaji.

Kundi la kwanza ni la wanaotafuta ufunguo. Hawa husema Kusadikika ni Tanganyika chini ya Waingereza, Majivuno ni mtawala wa kikoloni, na Karama ni mwananchi aliyeamka kudai haki. Mwandishi, wanasema, alikuwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo kwa miaka mingi, kwa hiyo ilimbidi aipandishe nchi angani ili aweze kuisema. Hoja hii ina nguvu, na sioni sababu ya kuikataa. Mwaka 1951 TANU ilikuwa bado haijazaliwa, ilizaliwa 1954. Lakini ukiishia hapo, kitabu kinakufa tarehe 9 Desemba 1961 saa sita usiku. Mkoloni kaondoka, fumbo limefumbuliwa, basi. Hivi kweli tunaendelea kukisoma kwa ajili ya makumbusho tu?

Kundi la pili linasema hapa hakuna watu, kuna majina. Karama ni karama, Majivuno ni majivuno, na kila mmoja anafanya kile ambacho jina lake limemwamuru afanye. Ni wahusika bapa, hawakui, hawabadiliki, wote wanazungumza kwa sauti moja ya mwandishi mwenyewe. Wanafunzi wengi tunaipenda hoja hii kwa sababu ni rahisi kuiandika kwenye mtihani. Nami nakubali kwamba Majivuno hawezi kulinganishwa na wahusika wa Kezilahabi au wa Said Ahmed Mohamed, ambao hujipinga wenyewe na kutuchanganya. Ila swali langu ni hili: tangu lini mtu katika hadithi ya ajabu akadaiwa awe kama jirani yako? Sungura wa ngano zetu naye hakui. Hakuna aliyewahi kumlalamikia.

Kundi la tatu ni kali zaidi, na ndilo lililovuma Mlimani katika miaka ya Azimio la Arusha na baada yake. Hawa huuliza: baada ya yote hayo, kwa nini mfalme anabaki mfalme? Karama anashinda, wajumbe wanatoka gerezani, lakini kiti kiko pale pale na aliyekikalia ni yule yule. Haki imetolewa kama sadaka kutoka juu. Kwa wasomaji hawa Shaaban Robert ni mpenda suluhu anayeamini kwamba mwenye nguvu akielezwa vizuri atatubu. Ni hoja nzito, nami nitairudia hapa chini.

Wako pia wanaolitafutia kaburi la kitabu hiki ng'ambo. Wanatukumbusha kwamba Safari za Gulliver na hadithi za Alfu Lela Ulela zilikuwa zimekwisha kutolewa kwa Kiswahili kabla ya 1951, na kwamba hata Gulliver alifika katika kisiwa kinachoelea angani. Sawa. Lakini mtu aliyelelewa Tanga katika Uislamu hakuhitaji kumsoma Swift ili ajue habari za safari ya mbinguni, maana kisa cha Miraji kilikuwa kikisomwa nyumbani kwake. Na pwani yote ilikuwa na tendi za mashujaa wanaovuka majangwa na kupambana na majitu. Kusadikika ni riwaya ya kinjozi iliyojengwa kwa mbao za utendi: mtu anaondoka, anataabika, anaona maajabu, anarudi. Mbao ni za hapa hapa. Kilicho kigeni katika kitabu hiki ni kimoja, nacho si cha Wazungu wala cha Waarabu. Katika utendi shujaa akirudi hupokewa kwa shangwe. Hapa shujaa akirudi hufungwa.

Jambo hilo la kurudi sikufundishwa darasani. Nililisikia kwetu Uwemba, huko Njombe, kwa mzee mmoja ambaye hajawahi kuitwa mhakiki. Macho yake yamechoka, hivyo nilikuwa namsomea kwa sauti wakati wa likizo, sura baada ya sura. Wahadhiri watanisamehe, lakini naona ni lazima maoni yake yaingie katika mjadala huu pamoja na ya wasomi. Tulipofika kwa mjumbe wa tatu alinikatisha akasema, "Hawa ni manamba."

Inafaa nieleze kwa wasiotoka nyanda hizo. Enzi za ukoloni Njombe ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizotoa vibarua kwa mashamba ya mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha watu, iliyojulikana kama SILABU, na Wabena wengi waliandikishwa wakapelekwa mbali, wengine hadi Tanga, kukata mkonge kwa mkataba. Kodi ya kichwa ilikuwa ikiwasukuma kwa nyuma. Baba wa mzee huyu alikuwa mmoja wao. Kwa mwanawe, habari kubwa ya safari ile haikuwa taabu za shambani. Ilikuwa siku ya kurudi. Baba alirudi na Kiswahili, na blanketi, na habari za watu wa makabila mengine waliokaa kambi moja na kudai posho yao kwa pamoja. Nyumbani wakubwa wakasema huyu kaharibiwa na mambo ya pwani, asisikilizwe. "Hawakumfunga jela," mzee aliniambia, "walimfunga masikio."

Nilipoieleza tafsiri hii kwa wenzangu katika majadiliano ya kikundi, nilijibiwa kwamba hiyo si hoja ya kihakiki, ni kumbukumbu ya ukoo. Manamba hakutumwa na nchi yake, alisukumwa na kodi. Wajumbe wa Kusadikika walikwenda kutafuta hekima, manamba alikwenda kutafuta shilingi. Tofauti hiyo ni ya kweli na mtu asiifiche. Wala sidai kwamba Shaaban Robert aliwafikiria Wabena alipokuwa akiandika, ingawa aliishi na kufanya kazi katika jimbo lile lile walikokuwa wakikata mkonge. Nia ya mwandishi siwezi kuitolea ushahidi.

Ninachoweza kukitolea ushahidi ni kitabu. Nacho kinampa mzee haki. Tazama jinsi kilivyopangwa: safari sita, na kila safari ina miguu miwili, kwenda na kurudi. Sisi wa chuoni tunaandika kurasa kuhusu kwenda, yaani nchi za ajabu zilizoonekana huko na zinawakilisha nini. Kurudi tunakupa mstari mmoja: "wajumbe walifungwa." Kumbe kurudi ndiko kunakojirudia bila kubadilika mara sita, na katika sanaa ya usimulizi kinachorudiwa hivyo ndicho kinachopigiwa mstari. Nchi zinazotembelewa ni tofauti. Baraza linalopokea habari ni lile lile. Mwandishi angetaka tu kutuonyesha nchi bora, moja ingetosha. Alizitaka sita ili tuhesabu mara ngapi jamii moja inaweza kukataa kusikia.

Hapo jina lenyewe linaanza kusema. Kusadikika ni hali ya kuweza kuaminiwa. Kwa kawaida tunasema mwandishi anatutania, eti nchi isiyosadikika ameiita Kusadikika. Naona kuna zaidi ya utani. Kesi nzima ya Karama inasimama juu ya swali moja: habari hizi zisadikiwe au zisisadikiwe? Hana hati wala kielelezo. Wajumbe wake wamo kifungoni. Ana masimulizi tu, tena ya mambo ambayo hakuna mmoja wa wasikilizaji wake aliyewahi kuyaona. Njozi, basi, si pazia tu la kumficha mwandishi asionekane na mkoloni. Njozi ndiyo kipimo chenyewe. Ni rahisi kumsadiki mtu anayekuletea habari unazozijua. Kazi ni kumsadiki anayetoka mahali usipopajua, na hasa akiwa mtu mdogo kuliko wewe.

Kwa mtazamo huo ile hoja ya kundi la tatu, la mfalme kubaki mfalme, inapata jibu, ingawa si jibu kamili. Kama kitabu kingekuwa kinahusu kukamata madaraka, mwisho wake ni dhaifu, tena dhaifu sana. Lakini kama kinahusu kusikilizwa, ushindi wa Karama una maana nyingine: kwa mara ya kwanza habari zote sita zimesikilizwa hadi mwisho, mbele ya watu wote, na waliozileta wakiwa hawapo. Si mapinduzi. Hata hivyo si kitu kidogo. Anayedhani ni kidogo aulize wazee wangapi wa kwetu wamekufa na safari zao kifuani.

Kuna lawama moja ambayo siwezi kuijibu, nami nitaiandika kama nilivyoipokea. Iliitoa dada mmoja mshonaji wa nguo pale Makambako, kwenye njia panda ya barabara ya Songea na ile ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, mahali ambapo watu hupita mchana na usiku. Alimaliza kidato cha nne, kitabu alikiazima kwangu, akakirudisha baada ya siku nne. Alisema kimemchosha. Akahesabu kwa vidole: mfalme mwanamume, waziri mwanamume, mshitakiwa mwanamume, wajumbe sita wote wanaume. "Wanatafuta hekima dunia nzima mpaka mbinguni," alisema, "jikoni hawakuchungulia."

Nilijaribu kumtetea mwandishi kwa kumtajia Wasifu wa Siti binti Saad, ambamo Shaaban Robert huyo huyo alimpa heshima kubwa mwanamke wa kawaida aliyepanda kwa sauti yake. Akanijibu kwamba hicho ni kitabu kingine, yeye anasema kuhusu hiki. Na ana haki. Kitabu kinacholaumu baraza lisilosikia kimekuwa chenyewe baraza lisilosikia upande mmoja. Mzee wa Uwemba anasimulia jinsi baba yake alivyorudi. Lakini aliyelima na kulea miaka yote baba alipokuwa mkongeni, habari zake hazimo katika masimulizi ya mzee wala hazimo katika Kusadikika. Mhakiki asijaribu kuliziba pengo hili kwa maneno matamu. Aliache wazi, wengine wapite.

Sasa tufanyeje na rai zote hizi? Kuna mtindo kwetu wanafunzi, tuukiri, wa kukusanya maoni ya wahakiki, kuyapanga, kisha kuchagua lile ambalo mhadhiri analipenda. Kezilahabi mwenyewe aliiandikia tasnifu sanaa ya riwaya ya Shaaban Robert mwaka 1976, na toka hapo orodha ya wahakiki imekuwa ndefu. Ni vema kuwasoma wote. Lakini tukisoma wahakiki peke yao tutakuwa tunakaa upande wa meza ya Majivuno, tukiamua nani anastahili kusema na nani hana hoja. Uhakiki wa fani na maudhui tunaujua. Uhakiki wa kuwauliza wasomaji wa Uwemba, wa Makambako, wa Tandahimba na wa Pemba wameona nini, huo bado haujapewa hata alama tano.

Napendekeza tuanze na kitabu hiki, kwa sababu chenyewe ndicho kinachotudai. Kila msomaji wa Kusadikika ni mjumbe. Ametoka mahali, amepita katika nchi hiyo ya angani kwa njia yake, na amerudi na habari. Wa kwanza anasema ameona mkoloni, wa pili ameona majina matupu, wa tatu ameona mfalme asiyeondoka, wa nne ameona manamba, wa tano hakumwona mama yake. Baraza ni sisi.