Cheti cha Adah na Kiwanda cha Mashati

Wengi wanaoisifu riwaya ya Buchi Emecheta iitwayo Second Class Citizen, iliyotoka mwaka 1974, huisifu kama kitabu cha ubaguzi wa rangi. Si uongo. Wamo humo wenye nyumba wa London wanaomfungia mlango mtu mweusi, na ikumbukwe kwamba ubaguzi wa namna hiyo, katika nyumba na katika ajira, haukupigwa marufuku kisheria Uingereza mpaka mwaka 1968. Lakini nionavyo mimi, hiyo ni nusu tu ya kitabu. Nusu ya pili, ambayo wasomaji huipita mbio, inahusu mume na mke waliohamia nchi ya watu kwa tamaa ya elimu na kazi ya heshima, na inauliza swali gumu: ni nani hasa anayekuambia kwamba cheti chako si kitu?

Hebu tumtazame Adah. Kwao Lagos alisoma sekondari kwa msaada wa masomo alioushinda mwenyewe, kisha akaajiriwa katika maktaba ya Wamarekani, na mshahara wake ukawa tegemeo la ukoo mzima wa mumewe. Mume huyo, Francis, anatangulia Uingereza kusomea uhasibu, na anayemlipia ni Adah. Anapomfuata na watoto wawili, Adah anakuta chumba kidogo katika nyumba ya wapangaji, na majirani ambao huko kwao wasingekaa naye meza moja. Francis anamweleza desturi ya mji: hapa sote ni raia wa daraja la pili, wake za wenzetu wanafanya kazi katika kiwanda cha mashati, nenda nawe ukashone.

Hapo ndipo ubingwa wa Emecheta unapoonekana. Msomaji amekaa akingoja Mzungu wa ofisini avitupe vyeti vya Adah. Badala yake maktaba ya North Finchley inampa kazi. Wanaonuna ni majirani, Waafrika wenzake. Walikuja kusoma, miaka imepita, na walikwisha kujituliza kwa kusema kwamba kwa mtu mweusi haiwezekani. Kazi ya Adah inawanyang'anya faraja hiyo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Hata hivyo, nisingependa msomaji ahitimishe kwamba vikwazo vyote vimo vichwani mwa wahamiaji. Adah alikuwa na bahati ambayo riwaya haiitaji waziwazi. Elimu aliyoipata Nigeria ilikuwa imekatwa kwa kipimo cha Mwingereza, na kupanga vitabu kwenye rafu ni kazi isiyobadilika sana mtu avukapo bahari. Muuguzi, mwanasheria au mpima ardhi hawana bahati hiyo. Kila nchi ina baraza lake la kusajili, mtihani wake, ada zake, na mara nyingi mtihani wa lugha juu ya hayo. Mwandishi angelitupia jicho jambo hili, hoja yake ingekuwa na uzito zaidi, maana ujasiri wa Adah peke yake usingetosha kama angekuwa mkunga.

Kasoro kubwa zaidi imo katika kumchora Francis. Tunaambiwa anashindwa mitihani, tena na tena. Tunaambiwa ni mvivu, mkali, mwenye mkono mwepesi wa kupiga. Sitetei hata kofi moja. Lakini hatumwoni hata mara moja akiwa amekaa mbele ya karatasi ya mtihani, wala siku ya matokeo akirudi nyumbani kwa mke ambaye yeye amefaulu. Nawafahamu mume na mke wa kwetu waliohamia ng'ambo, mke muuguzi, mume mpima ardhi. Baada ya mitihani na kungoja kwingi mke alisajiliwa. Mume hadi leo ni mlinzi wa usiku. Ni mtu mpole, na ndoa yao ipo. Nilimwazima kitabu hiki. Aliponirudishia alisema, "Ndugu yangu, huyu mama amenionyesha mtu aliyekwisha kuoza. Mimi nilitaka kujua alianza kuoza siku gani." Sijapata kusikia uhakiki wa riwaya hii ulio mfupi na wa haki kuliko huo.

Pamoja na hayo, mwisho wa kitabu unanifanya nimsamehe mwandishi. Adah anaandika hadithi yake ya kwanza, na Francis anaitia moto. Baadaye, mahakamani, Francis anakana kwamba waliwahi kuoana, na karatasi za kuthibitisha ndoa amekwisha kuziteketeza. Mwanamume aliyekosa cheti chake anachoma kila karatasi inayosema mkewe ni nani. Hakuna hotuba humo ya kutufafanulia; Emecheta anaiacha mioto hiyo iseme, nasi tunaelewa kwamba kushindwa kwa mmoja, kusipozungumzwa, hugeuka adhabu ya mwingine.

Mwandishi mwenyewe, aliyefika London mwaka 1962 na kuachana na mumewe akiwa na watoto watano, aliiandika upya hadithi yake iliyochomwa; ilitoka mwaka 1976 kwa jina la The Bride Price. Alisoma pia shahada ya sosholojia katika Chuo Kikuu cha London. Alifariki mwaka 2017.

Kwa mume na mke wanaofunga mizigo leo, ushauri wangu ni huu: kabla ya kukata tiketi, ulizieni baraza la taaluma ya kila mmoja wenu linadai nini. Kisha someni kitabu hiki pamoja, na mkifika kwa Francis msikimbilie kumcheka. Ulizaneni tutafanyaje iwapo cheti cha mmoja kitapokewa na cha mwenzake kikataliwa. Ni afadhali swali hilo liulizwe nyumbani, kungali mapema.