Mtumishi Asiyechagua

Msomaji, kazi ya mikono ya mtu hupimwa kama kitabu kipimwavyo: kwa nia iliyoizaa, kwa namna itendavyo, na kwa hali inayomwachia mtumiaji wake. Kwa mizani hiyo nataka tuipime programu ya kompyuta iitwayo VLC, hasa katika kazi yake moja: kuonyesha televisheni iletwayo na intaneti.

Nia yake ilikuwa njema. Mwaka 1996, wanafunzi wa chuo cha uhandisi cha École Centrale Paris, Ufaransa, walitamani mtandao wa kasi zaidi katika mabweni yao. Wakabuni njia ya kuchukua matangazo ya televisheni yatokayo kwenye setilaiti na kuyapitisha katika mtandao wa kompyuta, hata kila mmoja akayatazama chumbani mwake. Mwaka 2001 programu hiyo ilitolewa kwa leseni huru, na tangu hapo mtu yeyote ana ruhusa ya kuitumia, kuichunguza, kuitengeneza na kumgawia mwenziwe. Haiuzwi wala haibebi matangazo ya biashara. Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Programu hii haikujitembeza, na bado imeenea duniani kote.

Sasa tutazame itendavyo. Ukiifungua, huoni ila picha ya koni ya barabarani, ya rangi ya chungwa na nyeupe. Hakuna kikuitacho wala kikushawishicho. Sharti wewe mwenyewe uipe anwani ya mkondo unaoutaka. Aghalabu anwani hiyo huongoza kwenye orodha ya maandishi, na orodha hutaja vipande vya picha, kila kimoja cha sekunde chache tu. Programu huvileta kimoja baada ya kingine, huweka akiba kidogo, kisha huviunga kama mshonaji wa mkeka aungavyo ukili kwa ukili, jicho lisione kiungo. Mtandao ukizidiwa, akiba huisha na picha husimama. Wala utazamaji huo si wa bure kwa anunuaye data: mkondo wa megabiti 2 kwa sekunde hula megabaiti 900 kwa saa moja.

Hapa pana ila ambayo haifai kufichwa. Mkondo ukikataa kufunguka, programu hutoa maneno makavu ya kwamba haikuweza kuufungua. Mgeni hajui kama anwani ina kosa, kama kituo kimefungwa, au kama mtandao wake ndio uliokatika. Fundi huridhika na maneno hayo. Mwanafunzi huachwa gizani. Chombo kilichozaliwa na wanafunzi kingepaswa kuwahurumia wanafunzi zaidi ya hivyo.

Lakini swali kubwa ni la tatu. Mtumishi huyu haulizi mkondo ni mali ya nani. Ziko orodha zipitazo mkono kwa mkono, zenye vituo vingi mno. Baadhi ya vituo hivyo vimetolewa bure na wenyewe. Vingine vimechukuliwa na watu wasio na haki navyo. Programu huonyesha vyote kwa uangavu ule ule. Wako wasemao kwamba hilo ni kosa lake. Mimi siafiki. Kalamu huandika barua ya kweli na hati ya uongo kwa wino ule ule, na hakuna aliyepata kuishtaki kalamu.

Basi hukumu inamrudia ashikaye kalamu. Mwigizaji, mpiga picha na mwandishi wa mchezo hula jasho la kazi yao, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inawalinda. Ukiona orodha inakupa bure kile ambacho mwenyewe anakiuza, itilie shaka. Itafute anwani kwa mwenye kituo, si kwa mpita njia. Usijifariji kwa kusema kwamba kompyuta ilikubali. Kompyuta haina dhamiri ya kukataa.

Na katika udhaifu huo huo imo fadhila yake. Siku hizi ziko huduma nyingi zinazomchagulia mtazamaji: kipindi kimoja kikiisha, cha pili huanza kabla hajauliza, na usiku huisha kitabu hakijafunguliwa. Programu hii haifanyi hivyo. Ulichokitaka kikiisha, koni hurudi na kimya hurudi. Kwa mwenye mtihani kesho, kimya hicho ni neema.

Hukumu yangu, msomaji, ni kwamba hiki ni chombo bora chenye ulimi mzito. Kinatii sana na kinaeleza kidogo. Kwa kuwa hakikuchagulii, kinakulazimu uchague. Na kwa yale uyachaguayo, hukipimi chombo peke yake, bali wajipima nawe.