Sikio la Mpima Presha

Askari ni mtu mgumu kumpima presha. Ni kijana, haumwi popote, asubuhi ametoka kukimbia, na anajua kwamba namba itakayoandikwa kwenye faili lake inaweza kumkosesha kozi au safari ya operesheni. Moyo unamwenda mbio hata mkanda haujafungwa. Mpimaji mwenye haraka ataandika hofu ya askari na kuiita presha. Ndiyo maana napenda kumtazama anayeijua kazi.

Huyo huanza kwa kusubiri. Humkalisha askari kwenye kiti chenye egemeo, nyayo sakafuni, bila kukunja nne, akamwacha dakika tano. Hampigishi soga, maana hata kujibu ametoka kikosi gani hupandisha namba. Aliyevuta sigara au kunywa kahawa atakaa nusu saa. Aliyebanwa na mkojo aende kwanza. Shati la kombati linavuliwa, halikunjwi hadi likabane bega. Mkono unalazwa mezani, usawa wa moyo.

Kwenye mkanda ndipo wengi huharibu. Mkono uliojengwa kwa pushapu ni mnene, na mkanda wa kawaida ukilazimishwa hapo utampa kijana presha ambayo hana. Mfuko wa hewa ulio ndani yake unatakiwa uzunguke kama asilimia 80 ya mkono. (Mashine za kidijitali ni msaada mkubwa, ila nazo hudanganywa na mkanda mdogo vilevile.)

Kazi ya sikio yenyewe, yaani kusikiliza mshipa mkanda unapolegezwa, ina asili ya kijeshi. Daktari Mwitaliano, Scipione Riva-Rocci, alitengeneza mkanda wa kujazwa hewa mwaka 1896, lakini kwa kupapasa mapigo alipata namba ya juu tu. Nikolai Korotkov, daktari mpasuaji Mrusi, alitibu majeruhi huko Harbin wakati wa vita vya Urusi na Japani, akawa na mazoea ya kutega sikio kwenye mishipa iliyoumia. Mwaka 1905, katika Chuo cha Tiba cha Kijeshi mjini St Petersburg, alieleza kwa maneno machache mno kwamba mkanda ukilegezwa, mshipa hutoa sauti: inapoanza ndiyo namba ya juu, inapotoweka ndiyo ya chini.

Kusikia sauti hizo kunataka mkono mtulivu. Mpimaji hujaza hewa huku vidole vikiwa kwenye kifundo cha mkono wa askari, ajue mapigo yanapopotelea, kisha hupandisha kidogo zaidi. Asipofanya hivyo anaweza kunaswa na ukimya wa katikati, kwani kwa baadhi ya watu sauti hukatika kisha zikarudi. Halafu hufungua vali kwa vidole viwili, milimita 2 au 3 kwa sekunde. Ko. Ko. Ko. Sauti hukolea, hufifia, hupotea. Anaandika 138, haivuti hadi 140. Daftari likijaa namba zinazoishia na sifuri, ujue kuna mtu alikuwa anakisia.

Anapumzika dakika moja au mbili, anapima tena. Mara nyingi namba imeshuka, na kishawishi kinakuja: ile ya kwanza ilikuwa hofu tu, ifutwe. Lakini mwaka 1944, Robert Levy na wenzake, akiwemo daktari wa moyo Paul Dudley White, walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za maofisa 22,741 wa jeshi la Marekani. Waliowahi kupanda presha kisha ikashuka yenyewe walikuja kupata presha ya kudumu mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Hilo lilionekana kwa sababu kuna watu waliopima wakaandika bila kufuta.

Basi mpimaji anayeijua kazi haifuti namba ya kwanza. Huandika zote mbili, saa, mkono uliopimwa na ukubwa wa mkanda, kisha humpangia askari siku ya kurudi, na kumwambia siku hiyo asikimbie kwanza.