Kiuavijasumu au Antibiotiki? Uhakiki wa Istilahi

Dawa za jamii ya penisilini hutajwa na wafasiri wetu kwa majina tofauti. Wengine huandika antibiotiki, wengine kiuavijasumu, na wengine dawa ya kuua vijidudu. Yaweza kudhaniwa kwamba huo ni utajiri wa lugha tu. Sisi hatuoni hivyo, kwa kuwa majina hayo hayabebi maana moja, na anayepata hasara ni mgonjwa.

Tuanze na dhana yenyewe. Antibiotiki ni dawa inayoua bakteria au kuwazuia wasizaliane. Penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mjini London mwaka 1928, pamoja na amoksisilini iliyotokana nayo, huvuruga ujenzi wa ukuta wa seli ya bakteria hata seli ikapasuka. Seli ya mwanadamu haina ukuta huo, na kwa hiyo husalimika. Tetrasaiklini huzuia bakteria kutengeneza protini. Kwa kawaida haiwaui, bali huwadumaza hadi kinga ya mwili ikamaliza kazi. Siprofloksasini nayo huvuruga vimeng'enya vinavyoshughulikia DNA ya bakteria. Virusi havina ukuta wa namna hiyo wala mitambo yao wenyewe ya kutengeneza protini. Ndiyo maana mafua hayatibiwi kwa dawa hizi.

Sasa tuyapime majina. Neno vijidudu hukusanya bakteria, virusi, fangasi na hata vimelea vya malaria. Mwananchi akielezwa kwamba mafua huletwa na vijidudu, kisha akasoma kwamba dawa fulani huua vijidudu, atakwenda duka la dawa kuinunua. Hoja yake haina kasoro; kasoro imo katika neno alilopewa.

Kiuavijasumu ni neno lililoundwa kwa kufuata kanuni za lugha yetu, na hilo ni jambo la kusifiwa. Hata hivyo, lina dosari mbili. Kitenzi ua huziacha nje dawa zinazodumaza tu. Aidha, sumu iliyomo ndani yake humfanya msomaji afikirie dawa ya kuondoa sumu mwilini, ambayo ni dhana nyingine kabisa. Uwazi wa neno ni sifa pale tu unapoonyesha kitu kilichokusudiwa.

Kosa kubwa zaidi huonekana katika kueleza usugu. Mara nyingi husemwa kwamba mwili umezoea dawa. La hasha! Anayekuwa sugu ni bakteria, si mwili. Mtu anayeamini kwamba ni mwili wake uliozoea ataliona jambo hilo kuwa shauri lake peke yake. Kumbe bakteria sugu waweza kumwambukiza jirani ambaye hajameza hata kidonge kimoja. Watafiti walikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walifariki moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu.

Kwa hiyo tunapendekeza antibiotiki iwe istilahi kuu. Atakayesema kwamba neno hili ni la kigeni akumbuke kwamba bakteria na virusi nayo yalikuja hivyo hivyo, na leo hakuna mwalimu anayeyakwepa. Katika vitabu vya sayansi, kiuabakteria na kidumazabakteria yatumike kutofautisha makundi mawili tuliyoyataja. Katika vipeperushi vya wananchi iandikwe dawa ya bakteria, na ifuatiwe na sentensi moja: haitibu magonjwa ya virusi. Tena, iandikwe usugu wa bakteria, isiandikwe kamwe usugu wa mwili.

Wasomaji wenye hoja za kupinga au kuongeza tunawaomba watuletee, hasa wale wanaowasomea wagonjwa maelezo ya dawa kila siku. Hao ndio wanaojua neno linavyopokewa.